Mlango niliouchora mara saba

Kwa muda mrefu niliamini kwamba watu wamegawanyika mafungu mawili: waliojaliwa ubunifu na waliojaliwa utaratibu. Mimi nilikuwa wa fungu la pili, wala sikuwa na shaka. Kazi yangu ni kusanifu majalada ya vitabu, na katika chumba chetu mimi ndiye niliyepima pambizo mara mbili kabla ya kupeleka kazi kwa mpiga chapa. Mafaili yangu yalikuwa na majina yanayoeleweka na tarehe ya kukabidhi haikuwahi kunipita. Meza iliyotazamana na yangu alikaa mwenzangu mmoja ambaye, kabla sijamaliza kusoma muhtasari wa kitabu, alikuwa ameshatoa mawazo matano kwa sauti, mawili ya kuchekesha na moja zuri kwelikweli. Ofisi nzima ilijua nani kati yetu ni mbunifu. Nami nilijua.

Naandika haya kwa sababu kila ninapofundisha vijana kazi hii hakosi mmoja wa kusema, "Mimi si mtu wa kubuni," kama anayetaja kimo chake. Neno hilo huniuma. Najua lilivyonikalia mimi miaka na miaka, na najua ni vitu vingapi sikuvijaribu kwa sababu yake.

Kilichonifungua macho ni riwaya moja. Ilimhusu mwanamke anayerudi baada ya miaka 20 kwenye nyumba aliyokulia, nyumba tupu, watu wake wote wameshaondoka. Nilipofika ukurasa wa mwisho jalada lilikuwa limeshajichora kichwani: mlango uliofunguka nusu, mwanga ukipenya. Nikauchora. Haukunitosheleza, nikachora mwingine, wa chuma badala ya mbao. Kisha mlango unaotazamwa kutoka ndani, kisha mlango wenye kivuli cha mtu kizingitini. Siku ya tatu nilimpelekea mhariri wetu, mama mtu mzima aliyeishi na vitabu kuliko sisi sote, rasimu saba nilizozipanga vizuri kwenye karatasi moja.

Alizitazama kwa utulivu, halafu akasema, "Mwanangu, hizi si rasimu saba. Huu ni mlango mmoja umebadilisha nguo mara saba."

Nilinyamaza. Akaigeuza ile karatasi upande mweupe, akanisogezea kalamu, akaniambia nisichore chochote mpaka niwe nimeandika vitu 30 vinavyoweza kukutwa katika nyumba iliyohamwa. Vitu tu, kwa maneno. "Na usichague," akaongeza. "Kuchagua ni kazi ya kesho."

Orodha ile ninayo mpaka leo. Namba 1 hadi 10 angeweza kuziandika mtu yeyote: mlango, ufunguo, dirisha, kiti, vumbi, utando wa buibui, kitanda, picha ya familia, ngazi, taa. Kuanzia 11 mpaka 17 mwandiko wenyewe unaonyesha nilivyohangaika, na nyingi ni mbovu. Namba 15 nimeandika "ukimya", na ukimya si kitu cha kukuta chumbani. Baada ya 17 pana nafasi. Hapo nilikaa muda mrefu nikiitazama kalamu, na kilichokuwa kinanisumbua hakikuwa uchovu. Ilikuwa hofu ndogo ya kutojua kinachofuata. Kila kiungo cha mwili kilitaka nirudi kwenye mlango wangu, ambao angalau niliujua. Sikurudi, na nadhani sababu ni moja tu: yule mama alikuwa bado amekaa pale mezani kwake.

Namba 18 ni waya uliokatwa. Namba 19, alama za penseli ukutani, zile za kupimia watoto wanavyorefuka. Namba 20, kitasa kilicholegea. Namba 21, tundu la msumari. Na tundu la msumari likanivuta mpaka namba 22: pale ukutani palipotundikwa picha kwa miaka mingi, ambapo rangi haikupauka.

Niliweka kalamu chini. Nililiona jalada lote: ukuta uliofifia na, katikati, mstatili mmoja ambao rangi yake imebaki kama siku ilipopakwa. Hakuna mtu wala mlango. Waliokuwapo hawapo, na mahali pao panaonekana.

Miaka michache baadaye, nilipoanza kusoma mambo haya kwa kiu, nilikuta kwamba kilichonipata mezani siku ile kilishachunguzwa zamani. Mwanasaikolojia wa Marekani J. P. Guilford, akihutubia mwaka 1950 kama rais wa chama cha wanasaikolojia wa nchi hiyo, alilalamika kwamba katika machapisho yapatayo 121,000 ya fani yao, ni 186 tu yaliyogusa ubunifu. Yeye na wenzake walitenganisha namna mbili za kufikiri. Kuna kufikiri kwa kutawanya, pale unapotafuta majibu mengi kwa swali moja, na kuna kufikiri kwa kukusanya, pale unapoyabana mengi ubaki na lile linalofaa. Mwaka 1957 walionyesha pia kwamba mtu akiulizwa atoe majibu mengi, yale ya mwanzo huwa ya kawaida na yale ya mbele zaidi huwa ya nadra. Yaani tundu langu la msumari lilikuwa namba 21 kwa sababu lisingeweza kuwa namba 3. Kumi za kwanza ni za kila mtu. Lazima zitoke ndipo njia iwe wazi.

Hata ule mlango ulikuwa na maelezo yake. Mwaka 1991 watafiti wawili, Jansson na Smith, waliwapa wanafunzi wa uhandisi na wahandisi wenye uzoefu kazi za kusanifu. Baadhi walionyeshwa mfano kwanza, na baadhi hawakuonyeshwa. Katika kazi moja, ya kikombe kisichomwagika, maagizo yalikataza kutumia mrija, lakini mfano wenyewe ulikuwa na mrija. Waliouona mfano waliuchora mrija mara nyingi zaidi, ingawa walikuwa wameambiwa wasiuchore. Nilipousoma utafiti huo niliufunga ukurasa nikatulia. Mimi sikuonyeshwa mfano na mtu. Nilijionyesha mwenyewe, dakika ya kwanza, kisha nikautumikia siku tatu.

Lakini hayo yote ni upande wa ujuzi wa kufikiri. Swali lililonikaa rohoni lilikuwa la hulka. Kwa nini mwenzangu hakuhitaji kulazimishwa kufika namba 22? Yeye angefika akiwa bado amesimama mlangoni. Je, si kweli basi kwamba yeye alizaliwa na ubunifu na mimi sikuzaliwa nao?

Wataalamu wa haiba hupenda kuipima kwa sifa kubwa tano, na mojawapo huiita uwazi kwa mambo mapya: udadisi, kupenda sanaa, kuvumilia utata, kufurahia wazo kwa ajili ya wazo lenyewe. Hiyo ndiyo sifa ambayo tafiti zimeikuta karibu na ubunifu tena na tena. Robert McCrae aliihusisha na kufikiri kwa kutawanya mwaka 1987, na mwaka 1998 Gregory Feist alikusanya tafiti nyingi za wasanii na wanasayansi akaikuta tena. Feist alikuta pia kwamba wasanii kwa wastani hawafuati sana utaratibu. Hapo nilisoma huku moyo unazama, kwa sababu utaratibu ndio mimi.

Kisha nikaona jambo ambalo nilikuwa nimelichanganya maisha yangu yote, na nadhani wengi wanalichanganya. Uchangamfu ni sifa nyingine kabisa katika zile tano. Mwenzangu alikuwa mchangamfu, na sisi tuliokaa naye tuliusikia uchangamfu wake tukauita ubunifu. Udadisi hauna sauti. Mimi niliyekaa kimya nilikuwa nasoma kila kitu kilichopita mbele yangu, kuanzia maelezo ya nyuma ya chupa za dawa mpaka vitabu vya hesabu vya watoto wa dada yangu, na nilikuwa na daftari lililojaa maumbo ya herufi nilizoziona kwenye mabango. Hakuna aliyeliita daftari lile ubunifu. Wala mimi sikuliita hivyo. Ningekuwa naongea zaidi, pengine ningejijua mapema.

Wapo wanaodhani kwamba jambo lenyewe ni akili tu: mwenye akili nyingi atabuni zaidi. Akili inahitajika, sikatai. Lakini mwanasaikolojia wa Marekani Lewis Terman alipoanza mwaka 1921 kuwafuatilia watoto wenye alama za juu kabisa za akili, wavulana wawili walipimwa wakaachwa kwa kutofikia kiwango. Mmoja alikuwa William Shockley na mwingine Luis Alvarez, na wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mwaka 1956 na 1968.

Sasa nirudi kwenye lile jalada, kwa sababu habari yake haikuishia kwenye namba 22. Mhariri alilikubali, mwandishi akalipenda, tukatuma kwa mpiga chapa. Nakala ya majaribio iliporudi, mstatili haukuwapo. Kwenye kioo cha kompyuta rangi zile mbili zilitofautiana kidogo, tofauti niliyoipenda kwa upole wake. Kwenye karatasi wino ulizama na tofauti ikafa. Tulikuwa na jalada tupu lenye jina la mwandishi.

Mwenzangu alikuja kutazama, akasema tuweke fremu kuzunguka mstatili ili uonekane. Lilikuwa wazo la haraka, na lingeua kila kitu, kwa maana fremu ndiyo iliyoondolewa na hiyo ndiyo hadithi. Nilichofanya mimi ndicho ninachojua kufanya. Nilipanga jozi 12 za rangi kwenye karatasi moja, kila jozi ikiachana zaidi kidogo ya ile iliyotangulia, nikaziandika namba, nikaomba zichapwe kwenye karatasi ileile ya jalada. Zilipokuja nilizibandika ukutani nikarudi nyuma hatua kumi, nikazitazama asubuhi, nikazitazama jioni taa zikiwaka. Jozi ya 7 ndiyo iliyokuwa sawa: ukipita haraka unaona ukuta, ukisimama unaona mahali pa picha. Pembeni mwa mstatili niliongeza mstari mwembamba wa vumbi, kama unavyobaki juu ya fremu iliyokaa muda mrefu. Kazi hiyo ilichukua siku nne, na sikuchoka hata moja. Hakuna aliyeniita mbunifu kwa siku zile nne, lakini jalada lilizaliwa humo kama lilivyozaliwa kwenye namba 22.

Ndipo nilipoelewa jambo ninalotaka kulisema hapa. Mwingereza Graham Wallas aliandika mwaka 1926 kwamba wazo jipya hupita hatua nne: kujiandaa, kuatamia, kuangaziwa, kuhakiki. Nalipenda hilo la kuatamia, maana kuku juu ya mayai anaonekana hafanyi kitu. Nilipozitazama hatua hizo na kuitazama ofisi yetu, niliona kwamba hulka haimwambii mtu kama atabuni au hatabuni. Inamchagulia hatua atakayoikimbia. Mimi nilikimbia kuatamia. Kukaa bila jibu kulinitesa, nikashika jibu la kwanza lililopita na kulipamba. Mwenzangu alikimbia kuhakiki. Wazo likishazaliwa, kwake lilikuwa limekwisha, na tayari macho yake yalikuwa kwenye lingine.

Na hilo lilimgharimu. Sikulijua mpaka siku moja tulipobaki wawili ofisini jioni, akanifungulia droo yake. Ilijaa michoro mizuri. Nasema mizuri: mingine ilinifanya nione wivu palepale. Hakuna hata mmoja uliofika kwenye kitabu. "Kaka," akaniambia, "watu wananiita mbunifu, lakini hesabu majalada yangu yaliyotoka." Tulihesabu. Yalikuwa machache kuliko yangu. Alikuwa amebeba aibu yake kimya kama nilivyobeba yangu, na miaka yote ile tulikuwa tumekaa meza zinatazamana.

Kuna mfano wa kweli ninaoupenda sana kwa sababu unawaonyesha watu wa namna mbili wakikutana. Mwaka 1968 Spencer Silver, mkemia wa kampuni ya 3M nchini Marekani, alipata gundi dhaifu: inashika kidogo na kubanduka bila kuacha alama. Haikuwa na kazi. Wengi wangeitupa. Yeye aliizungumzia kwa wenzake miaka na miaka, kwa ukaidi wa upole. Mwaka 1974 mfanyakazi mwingine wa hapo, Art Fry, aliyeimba kwaya na kuchoshwa na vipande vya karatasi kuanguka kutoka kwenye kitabu chake cha nyimbo, aliunganisha kero yake na ile gundi. Vikaratasi vya kubandika na kubandua, vya Post-it, viliingia sokoni nchi nzima mwaka 1980. Ukiniuliza mbunifu ni yupi kati ya wawili hao, nitakuuliza miaka ile 12 nani aliifanya kazi gani. Mmoja alivumilia kitu kisicho na matumizi. Mwingine aliona matumizi. Na kati ya 1974 na 1980 kulikuwa na kazi nyingi ya kupima na kurekebisha.

Baada ya jioni ile ya droo, mwenzangu nami tulibadilisha mambo kadhaa ya jinsi tulivyofanya kazi. La kwanza lilikuwa vikao. Tulizoea kukaa wote na kurushiana mawazo kwa sauti, na kila mara sauti zilezile tatu ndizo zilizojaza chumba. Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilinganisha makundi ya watu wanne wanaobuni pamoja na watu wanne wanaobuni kila mmoja peke yake kisha orodha zao zikaunganishwa, na waliokuwa peke yao wakatoa mawazo mengi zaidi. Mwaka 1987 watafiti wengine, Diehl na Stroebe, walionyesha sababu kubwa ni foleni: mmoja akiongea, wengine wanasubiri, na wazo linalosubiri hunyauka. Nilimweleza mhariri. Akasema tujaribu. Tangu hapo kila kikao kilianza na dakika 15 za kuandika kimya, kila mtu na karatasi yake, kisha karatasi zikawekwa mezani bila majina.

Kikao cha kwanza cha namna hiyo siwezi kukisahau. Katika ofisi yetu kulikuwa na dada aliyeshughulikia malipo, mtu mkimya, ambaye tulimwomba aandike naye kwa kuwa tu alikuwa amekaa hapo. Kitabu kilihusu ndugu wawili waliogombana hadi kufa. Sisi wasanifu tuliandika visu, mikono, njia panda. Karatasi moja ilikuwa na mstari huu: "Bahasha mbili zenye mwandiko mmoja." Mhariri aliusoma mara mbili kwa sauti. Tulitazamana tukitafuta nani ameandika, na yule dada akainamisha kichwa. Jalada lile lina bahasha mbili mpaka leo.

La pili lilikuwa la kwangu peke yangu, na ndilo gumu. Nilijiwekea sharti la kutochora kabla ya namba 25. Niliona kwamba siwezi kujibadili niwe mtu anayefurahia kutojua, lakini naweza kuipa hofu ile mipaka yenye namba, na namba nazipenda. Utaratibu wangu, ambao ndio uliokuwa ukinifungia haraka, niliuweka ulinde uwazi. Nikikwama, natembea. Wapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Oppezzo na Schwartz, walioonyesha mwaka 2014 kwamba watu hutoa mawazo mengi ya kubuni wakiwa wanatembea kuliko wakiwa wamekaa, hata kwenye mashine ya kutembelea ndani ya chumba. Kwa maswali yenye jibu moja sahihi kutembea hakukuwasaidia hivyo. Kwangu inakubali kabisa: nakwenda kutembea na orodha, lakini rangi nazipima nikiwa nimekaa.

Mwenzangu naye alihitaji kitu kingine. Hofu yake haikuwa kutojua. Ilikuwa kuona wazo lake likipungua uzuri kila linapokaribia karatasi halisi. Kila marekebisho kwake ni msiba mdogo. Tulipatana kwamba wazo lake likishapita kikao, ananiletea mimi, na tunakaa pamoja saa moja ya majaribio, yeye akiwa na mamlaka ya kukataa chochote kinachoua roho ya jambo. Mara mbili amekataa na alikuwa na haki. Mara nyingi zaidi tumekuta kwamba roho ile ilivumilia zaidi ya alivyodhani. Ile droo imepungua.

Vijana wanaponiambia hawana ubunifu, siku hizi sibishani nao. Nawapa karatasi na kichwa cha kitabu, nakaa karibu kama yule mama alivyokaa, nawaacha waandike. Najua watasimama karibu na namba 17. Wengine hunitazama kwa macho ya kuomba ruhusa ya kuacha, na wengine, wale wa hulka ya mwenzangu, huniambia wameshapata la kufaa, wanataka kuanza kuchora lingine. Wa kwanza nawaambia waendelee. Wa pili nawaambia warudi kwenye lile la kufaa na waniandikie mambo matatu yanayoweza kuliharibu kwenye karatasi. Kuna binti mmoja wiki iliyopita alikaa kwenye namba 16 kwa dakika tisa nzima. Nilitamani kumsaidia, nikajizuia. Alipoandika ya 17 hakuinua kichwa, akaandika ya 18 na ya 19 papo hapo, na mkono wake ulikuwa unakwenda haraka kuliko nilivyowahi kuuona.

Mimi mwenyewe nina kitabu mezani sasa, mashairi ya mtu aliyepoteza uwezo wa kusikia akiwa mtu mzima. Jana nilifika namba 14. Namba 1, kama unavyotegemea, ni sikio.